Ras al-Jinz

Ras al-Jinz (kwa Kiarabu: رأس الجنز, huandikwa pia Ras al-Junayz) ni rasi ndogo katika ncha ya mashariki ya Omani, kwenye pwani ya Bahari ya Arabu. Iko katika wilaya ya Sur, mkoa wa Ash Sharqiyah Kusini, takriban kilomita 40 kwa barabara kutoka mji wa Sur. Pamoja na jirani yake Ras al-Hadd, iliyoko upande wa kaskazini, ni sehemu ya mashariki kabisa ya Rasi ya Uarabuni.

Rasi hii inajulikana hasa kwa ufuko wake wa mchanga, ambako kasa wa kijani (kwa Kilatini: *Chelonia mydas*) hupanda usiku kutaga mayai. Ni kati ya mahali muhimu pa kutagia pa kasa huyo katika Bahari ya Hindi. Tangu mwaka 1996 eneo hili ni hifadhi ya taifa, na wageni huruhusiwa kufika ufukoni wakati wa usiku wakiwa na mwongozaji tu. Kasa huhitaji giza na utulivu ili kutaga, na kwa sababu hiyo taratibu za matembezi zimepangwa ili mgeni asiharibu kile alichokuja kukiona.

## Jina

Neno la Kiarabu *ra's* lina maana ya "kichwa", na ndilo lililoingia katika Kiswahili kama "rasi", yaani sehemu ya nchi kavu inayojitokeza baharini. Kwenye pwani ya Afrika Mashariki linaonekana katika majina kama Ras Nungwi ya Unguja na Ras Kutani iliyoko kusini ya Dar es Salaam.

Jina la jirani yake, Ras al-Hadd, lina maana ya "rasi ya mpaka" au "rasi ya ukingo". *Hadd* ni neno lenye asili moja na "hadi" ya Kiswahili. Kwa mabaharia jina hilo lilikuwa na maana halisi, kwa kuwa hapo ndipo Ghuba ya Omani inapokoma na Bahari ya Arabu inapoanza.

## Jiografia

Pwani ya Omani inatoka Muscat kuelekea kusini-mashariki, ikifuata miguu ya milima ya Hajar. Ikifika Ras al-Hadd inapinda ghafla na kuelekea kusini, kisha kusini-magharibi. Ras al-Jinz iko baada ya kona hiyo, zaidi ya kilomita 10 kusini ya Ras al-Hadd. Milima imekwisha na nchi imekuwa uwanda wa mawe na mchanga wenye miti michache ya migunga.

Ufuko wenyewe ni mfupi. Umezungukwa na majabali yanayoishia baharini pande zote mbili, kwa hiyo unafanana na bakuli lililofunguka upande wa mashariki. Majabali hayo hukinga sehemu ya mchanga dhidi ya mwanga unaotoka bara. Jua linapochomoza juu ya bahari, mawe yake hubadilika rangi kutoka kijivu hadi nyekundu na baadaye manjano. Wageni wengi wanaofika alfajiri hupanda juu ya majabali kuitazama mandhari hiyo.

Kati ya Ras al-Hadd na Sur kuna khori mbili kubwa, Khor al-Hajar na Khor Jarama. Maji ya bahari huingia humo na kutoka kwa kupwa na kujaa. Kandokando yake kuna matope na mikoko ya aina ya mchu (*Avicennia marina*), ambayo hupatikana pia katika mikoko ya Lamu, Rufiji na Zanzibar.

### Hali ya hewa na bahari

Hali ya hewa ni ya jangwa. Mvua ni chache sana na kuna miaka ambayo hainyeshi kabisa. Joto la kiangazi ni kali barani, lakini kwenye rasi upepo wa bahari hulipunguza.

Jambo linaloitofautisha pwani hii na sehemu nyingine za Uarabuni ni upepo wa kusi. Kuanzia Juni hadi Septemba upepo huo huvuma kwa nguvu kutoka kusini-magharibi, sambamba na pwani ya Bahari ya Arabu. Husukuma maji ya juu kwenda bahari kuu, na mahali pake maji baridi hupanda kutoka vilindini yakiwa na virutubisho vingi. Virutubisho hivyo hulisha viumbe vidogo vya baharini, viumbe hivyo hulisha samaki, na samaki huwalisha ndege, pomboo na watu. Mkondo wa bahari unaofuata pwani huachana na nchi kavu kwenye Ras al-Hadd na kuingia bahari kuu. Ndiyo maana nchi iliyo kame kiasi hiki imepakana na bahari tajiri.

Pwani hii hupatwa pia na vimbunga mara chache. Mnamo Juni 2007 kimbunga Gonu, kimojawapo cha vikali zaidi kuwahi kurekodiwa katika Bahari ya Arabu, kilipita kwenye ncha hii ya mashariki ya Omani na kusababisha uharibifu mkubwa hadi Muscat.

## Historia

### Enzi ya Shaba

Leo eneo la Ras al-Jinz lina wakazi wachache, wengi wao wavuvi. Hata hivyo zaidi ya miaka 4,000 iliyopita palikuwa na kijiji kilichofanya biashara na nchi za mbali. Kuanzia miaka ya 1980, wanaakiolojia wa Italia na Ufaransa wakiongozwa na Maurizio Tosi na Serge Cleuziou walichimba hapa na kukuta mabaki ya nyumba za matofali ya udongo za kipindi cha kati ya mwaka 2500 na 2000 KK hivi.

Ugunduzi mkubwa ulikuwa vipande mia kadhaa vya lami ya asili. Upande mmoja vilikuwa na alama za matete, mikeka na kamba, na vingine vilikuwa na mabaki ya viumbe vidogo vya baharini vinavyoganda chini ya vyombo. Wataalamu walieleza kwamba lami hiyo ilipakwa nje ya vyombo vya baharini vilivyojengwa kwa matete, na kwamba wenyeji waliibandua na kuiweka ili waitumie tena. Asili ya lami hiyo ilikuwa Mesopotamia, yaani Iraki ya leo.

Palipatikana pia vyombo vya udongo kutoka Bonde la Indus, kimojawapo kikiwa na maandishi ya ustaarabu huo, pamoja na chetezo cha kufukizia ubani. Nchi ya Omani wakati huo hudhaniwa kuwa ndiyo Magan, inayotajwa katika maandishi ya Mesopotamia kama nchi ya shaba na ya mabaharia.

Mwaka 2005 watafiti walijenga chombo cha matete na lami kwa kufuata ushahidi wa Ras al-Jinz, wakakizindua Sur ili kisafiri hadi India. Chombo kiliingiwa na maji na kuzama muda mfupi baada ya kuondoka. Mabaharia wote waliokolewa. Jaribio hilo lilionyesha kwamba mafundi wa kale walikuwa na ujuzi ambao haujafahamika wote hadi leo.

Uhusiano wa watu na kasa nao ni wa kale. Katika makaburi ya Ras al-Hamra, ambayo sasa yamo ndani ya jiji la Muscat, wafu wa milenia ya 4 KK walizikwa wengine wakiwa na mafuvu ya kasa wa kijani kando yao. Kasa alikuwa chakula cha watu hao, lakini mazishi hayo yanaonyesha kwamba hakuwa chakula tu.

### Njia ya majahazi

Chombo chochote kilichotoka Ghuba ya Uajemi au Muscat kwenda Afrika Mashariki kilipaswa kuizunguka Ras al-Hadd. Katika karne ya 14 msafiri Ibn Battuta, baada ya kutembelea Mombasa na Kilwa, alivuka bahari hadi Dhofar, kisha akafuata pwani kuelekea kaskazini hadi Sur na Qalhat. Mwaka 1507 merikebu za Wareno chini ya Afonso de Albuquerque zilipita hapa kabla ya kushambulia miji ya Quriyat na Muscat.

Mji wa Sur ulikuwa kitovu cha ujenzi wa majahazi, hasa ghanja, chombo kikubwa chenye tezi iliyonakshiwa. Mabaharia wake walijulikana Zanzibar na Mombasa kwa jina la Wasuri. Waliondoka na upepo wa kaskazi mwishoni mwa mwaka wakiwa na tende, chumvi na samaki wakavu, wakarudi na kusi wakiwa na boriti za mikoko, nazi na bidhaa nyingine. Ghanja iitwayo Fatah al-Khair, iliyojengwa Sur mwaka 1951, imehifadhiwa mjini humo kama kumbukumbu ya biashara hiyo.

Biashara hiyo ilikuwa pia na upande wa kikatili. Katika karne ya 19 majahazi ya Sur yalibeba watumwa kutoka Afrika Mashariki. Baadhi ya wenye vyombo walipeperusha bendera ya Ufaransa ili kuepuka kupekuliwa na manowari za Uingereza. Mzozo wa nchi hizo mbili kuhusu bendera hizo ulifikishwa kwenye Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi mjini The Hague, ambayo ilitoa hukumu mwaka 1905.

Kiswahili bado kinasikika katika sehemu hii ya Omani, kwa kuwa familia nyingi za Ash Sharqiyah zina jamaa Zanzibar na bara. Wengi walihamia au kurudi Omani baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964, na hasa baada ya mwaka 1970.

## Kasa wa Ras al-Jinz

Aina nne za kasa hutaga katika fuko za Omani: kasa wa kijani, ng'amba, duvi na kigome. Duvi hutaga kwa wingi kwenye kisiwa cha Masirah, na ng'amba kwenye visiwa vya Daymaniyat karibu na Muscat. Ufuko wa Ras al-Jinz ni wa kasa wa kijani. Hupatikana mwaka mzima, lakini wengi hufika kati ya Juni na Oktoba.

Kasa wa kijani aliyekomaa huwa na gamba la urefu wa mita 1 hivi, na uzito wake mara nyingi hupita kilogramu 100. Jina lake halitokani na rangi ya gamba bali na mafuta ya mwilini mwake, ambayo yana rangi ya kijani. Akiwa mkubwa hula zaidi nyasi za bahari na mwani.

### Kutaga

Kasa jike hutoka majini baada ya giza kuingia. Husimama mara kwa mara kwenye ukingo wa maji, na akiona mwanga au kitu kinachotembea hugeuka na kurudi baharini. Akiridhika hujivuta hadi juu ya alama ya maji kujaa. Huko hufukua shimo pana kwa makasia ya mbele mpaka mwili wake uzame mchangani, kisha kwa makasia ya nyuma huchimba tundu jembamba lenye kina. Kama mchanga ni mkavu mno na kuta za tundu zinaporomoka, huliacha na kuanza upya mahali pengine.

Katika tundu hutaga mayai yapatayo 100, meupe na ya mviringo, yenye ganda laini. Kabla ya kuanza kutaga ni rahisi kumshtua. Akishaanza huendelea bila kujali sana yanayotokea nyuma yake, na huo ndio wakati ambao waongozaji huuchagua kuwasogeza wageni. Akimaliza hulifukia tundu, kisha hurusha mchanga kila upande kwa makasia ya mbele hadi mahali pa mayai pasitambulike. Kazi yote huchukua saa moja hadi tatu, na kasa huirudia mara kadhaa katika msimu mmoja, kila baada ya wiki mbili hivi. Baadaye hupumzika miaka miwili au zaidi kabla ya kurudi.

Wanaomwona kwa karibu hushangazwa na machozi yake. Si kilio cha uchungu, kama wengi wanavyodhani. Ni maji yenye chumvi nyingi yanayotolewa na tezi za machoni ili kuondoa chumvi iliyozidi mwilini.

### Vifaranga

Mayai huanguliwa baada ya siku 50 hadi 60 hivi. Jinsia ya vifaranga haiamuliwi wakati wa kutungwa mimba, bali na joto la mchanga: mchanga wenye joto zaidi hutoa majike wengi, na wenye ubaridi hutoa madume wengi. Kwa hiyo kupanda kwa joto la dunia kunaweza kuharibu uwiano wa madume na majike kwenye fuko nyingi.

Vifaranga husaidiana kupanda juu mchangani na kwa kawaida hutoka usiku, mchanga unapopoa. Huelekea upande ulio na mwanga zaidi karibu na upeo wa macho. Kwenye ufuko wa asili upande huo ni bahari, ambayo huakisi mwanga wa nyota na mwezi, na upande wa bara ni weusi. Penye taa za nyumba au barabara kipimo hiki hugeuka: vifaranga hukimbilia bara na hufa kwa joto jua linapopanda, au huliwa.

Hata bila taa, hatari ni nyingi. Mbweha hufukua mayai na kusubiri vifaranga, kaa wa mchangani huwakamata, shakwe huwanyakua alfajiri, na majini kuna samaki. Inakadiriwa kwamba kati ya vifaranga 1,000 huenda mmoja tu akafikia utu uzima. Atakayepona huchukua miaka 20 au zaidi, mara nyingine zaidi ya 30, kabla ya kuweza kutaga. Majike hurudi katika eneo walikozaliwa wakiongozwa, kwa sehemu, na uga wa sumaku wa dunia. Kwa hiyo madhara yanayofanyika ufukoni leo yanaweza kuonekana baada ya miongo kadhaa, wakati kizazi kilichopotea kilipotakiwa kurudi.

## Wanyama wengine

Mbweha mwekundu wa Uarabuni huonekana mara kwa mara kwenye majabali na ufukoni, na nyayo zake huvuka njia za kasa mchangani. Mbweha ni sehemu ya maumbile ya hapa. Huwa tatizo pale takataka na mabaki ya chakula yanapomwezesha kuongezeka kupita kiasi.

Khor al-Hajar na Khor Jarama hupokea ndege wengi wa majini, hasa kati ya Oktoba na Machi: heroe, korongo, buabua, shakwe na aina nyingi za ndege wadogo wa matopeni. Baadhi yao huzaliana Asia ya kaskazini na hupita hapa wakielekea Afrika Mashariki. Minandi wa Sokotra huonekana wakiruka kwa makundi marefu juu ya mawimbi.

Baharini kuna pomboo wa aina kadhaa. Katika Bahari ya Arabu, hasa upande wa kusini karibu na Masirah na Dhofar, kuna nyangumi wenye nundu wasiohamahama kama wenzao wa bahari nyingine. Idadi yao ni ndogo sana na wamo hatarini kutoweka.

## Hifadhi

Hifadhi ya kasa ilianzishwa kwa amri ya Sultani Qaboos bin Said mwaka 1996. Ina eneo la kilomita za mraba 120 hivi, na pwani yake inaunganisha Ras al-Hadd, Ras al-Jinz na fuko jirani. Kwa sheria ni marufuku kuua kasa, kuchukua mayai, kuwasha moto au kupiga kambi kwenye fuko za kutagia.

Ras al-Jinz ndiyo sehemu iliyotengwa kwa ajili ya wageni. Kuna kituo cha sayansi na wageni chenye makumbusho yanayoeleza maisha ya kasa na uchimbaji wa kiakiolojia, pamoja na malazi. Fuko nyingine ndani ya hifadhi hazifunguliwi kwa matembezi ya usiku. Mpangilio huu una faida: ufuko mmoja unabeba usumbufu wa watalii, mapato yake yanasaidia uhifadhi, na fuko nyingine zinabaki katika giza.

Waongozaji wengi ni watu wa eneo hili. Kwa vijana wa vijiji ambavyo zamani vilitegemea uvuvi pekee, kasa aliye hai amekuwa chanzo cha ajira.

## Matembezi

### Kufika

Kutoka Muscat hadi Sur ni takriban kilomita 200 kwa barabara ya lami inayofuata pwani. Kutoka Sur barabara inazunguka Khor Jarama na kuendelea hadi Ras al-Hadd na Ras al-Jinz. Wageni wengi hufika kwa gari la kukodi au la kampuni ya utalii. Nafasi katika makundi ya matembezi ni chache, kwa hiyo huombwa mapema, hasa katika miezi ya kiangazi na siku za sikukuu.

### Mwenendo wa ziara

Kuna matembezi mawili: moja la usiku, linaloanza baada ya saa 2, na jingine la kabla ya alfajiri. Wageni hugawanywa katika makundi na kutembea kwa miguu kutoka kituoni hadi ufukoni. Mwongozaji hutangulia peke yake kumtafuta kasa aliyekwisha kuanza kutaga. Wengine husubiri gizani, mara nyingine kwa muda mrefu. Akipatikana, wageni husogezwa wachache kwa wakati na kusimama nyuma ya mnyama, mahali asipoweza kuwaona. Mwongozaji ndiye mwenye taa.

Masharti ya kawaida ni haya:

* simu na tochi huzimwa kabla ya kuingia ufukoni;
* picha hazipigwi usiku; alfajiri huruhusiwa bila mwanga wa kamera;
* hakuna kugusa kasa, mayai wala vifaranga;
* hakuna kusimama mbele ya kasa au kati yake na bahari;
* wageni hawatembei nje ya njia wanayoonyeshwa, kwa sababu mchangani kuna matundu ya mayai yasiyoonekana.

Sharti la mwisho husahauliwa kwa urahisi zaidi. Ufuko wa Ras al-Jinz umejaa mashimo yaliyoachwa na kasa, makubwa kiasi cha mtu kuangukia, na mahali panapoonekana tambarare panaweza kuwa juu ya mayai.

Matembezi ya alfajiri huwafaa wanaotaka kuona mandhari. Mwanga wa asubuhi huonyesha njia za kasa mchangani, zinazofanana na alama za matairi ya trekta, na mara nyingi kasa wa mwisho bado yuko njiani kurudi majini. Katika miezi ya Desemba hadi Machi hali ya hewa ni nzuri na ndege ni wengi, lakini kasa ni wachache, na ipo mikesha ambayo mgeni hamwoni hata mmoja. Kituo hakiwezi kuahidi kwamba kasa atatokea.

## Changamoto

Changamoto ya kwanza ni utalii wenyewe. Usiku wa msimu wenye wageni wengi, makundi kadhaa huwa ufukoni kwa pamoja. Mtu mmoja anayewasha simu anaweza kumrudisha baharini kasa aliyekuwa akipanda. Kasa akirudishwa mara moja hujaribu tena usiku huohuo au unaofuata, lakini akisumbuliwa mara nyingi hutumia nguvu alizoziweka kwa ajili ya mayai, au huishia kutaga mahali pasipofaa.

Ya pili ni mwanga wa kudumu. Hoteli, nyumba na barabara zimeongezeka katika eneo la Ras al-Hadd, na taa zake huonekana kutoka mbali katika nchi tambarare. Taa zinazoelekezwa chini, zenye mwanga mwekundu au wa kaharabu, na kuzimwa zisipohitajika, hupunguza madhara.

Ya tatu iko baharini. Kasa hupumua hewa kwa mapafu; akinaswa kwenye jarife hufa maji. Mifuko ya plastiki na nyavu zilizotupwa huongeza vifo. Tena kasa hawatambui mipaka ya nchi: baadhi ya waliotiwa alama Omani wameonekana tena kwenye maji ya nchi nyingine, kwa hiyo ulinzi wa ufuko mmoja hautoshi.

Kwa miongo mingi kasa wa kijani aliorodheshwa na IUCN kama spishi iliyo hatarini. Mwaka 2025 shirika hilo lilimwondoa katika kundi hilo kwa sababu idadi yake duniani imeongezeka, hasa kutokana na kulindwa kwa fuko za kutagia na kupunguzwa kwa uwindaji. Hata hivyo hali haiko sawa kila mahali, na ongezeko hilo limetokana na ulinzi unaohitaji kuendelea.

## Ulinganisho na Afrika Mashariki

Kasa wa kijani hutaga pia kwenye pwani ya Waswahili, kwa mfano katika kisiwa cha Juani huko Mafia, na Watamu na Kiunga nchini Kenya. Idadi yao huko ni ndogo kuliko Ras al-Jinz, na kazi ya kulinda viota hufanywa kwa kiasi kikubwa na wanavijiji wanaoshirikiana na mashirika ya uhifadhi. Kiota kilicho karibu mno na maji huhamishwa, na siku ya kuanguliwa wageni hualikwa kutazama vifaranga wakienda baharini. Kwa miradi kama ule wa Juani, sehemu ya malipo hurudi kijijini.

Tofauti kubwa ni kwamba Ras al-Jinz wageni huja zaidi kumwona kasa mzazi usiku, na Mafia huja kuona vifaranga, mara nyingi jioni au mchana. Kanuni za msingi ni zilezile kote: umbali, ukimya, kutogusa, na kuacha ufuko ukiwa na giza.